Na Vyote Vilivyomo

Wa kwanza kumshangaza Chapchap ulikuwa mkasa mdogo wa kikombe. Alikiacha juu ya sanduku la spana kikiwa kimejaa chai, akatoka kwenda kupima dizeli kwenye tangi, na aliporudi alikikuta kitupu na kikavu, kama kilichooshwa na kuanikwa juani. Alikitazama, akapiga mwayo, akajiambia kwamba chai ameinywa mwenyewe. Mtu aliyechoka husahau hata jina la mkwewe.

Jina hilo la Chapchap hakupewa na wazazi. Wauguzi ndio waliombatiza kwa utani, kwa sababu alitembea kama aliyebeba gunia la mchanga mgongoni. Kazi yake ilikuwa kuendesha jenereta la hospitali, na chumba chake kilikuwa nyuma ya jengo, chenye joto na dirisha dogo la nondo. Ukutani kulikuwa na paneli yenye swichi ya alama tatu: otomatiki, zima, mkono. Siku zote swichi hukaa kwenye otomatiki. Umeme ukikatika, mtambo hungoja kidogo kuhakikisha, kisha hujiwasha na kuubeba mzigo wa hospitali nzima. Ukigoma, mwendeshaji hugeuza swichi kwenye mkono, huwasha kwa ufunguo, huuacha upate moto, ndipo anavuta mpini wa kuhamisha umeme.

"Kumbe unalipwa kwa kukaa tu!" shemeji yake aliwahi kumcheka.

"Nalipwa kwa kungoja," alijibu. "Jaribu uone."

Na kungoja kulikuwa kumemla. Mwenzake wa zamu, mtu mzima waliyemwita Ndevu, alikuwa nyumbani akiuguza kidonda cha upasuaji wa ngiri, hivyo Chapchap alibeba zamu zote mbili. Juu ya hayo, ghorofani, katika wodi ya watoto njiti, mwanawe wa kwanza alilala ndani ya mashine ya joto, mdogo kama mkate, akisaidiwa kupumua na mashine nyingine. Yeye na mkewe walikuwa wameungoja ujauzito ule mpaka watu wakachoka kuwauliza. Kila alipofumba macho pale chumbani, aliyafumbua kwa mshtuko akidhani umeme umekatika.

Ndevu alikuwa na desturi yake, na alimfundisha Chapchap tangu siku ya kwanza. Zamu haipokelewi kwa salamu za juu juu. Anayeondoka anaweka kiganja kwenye paneli na kusema, "Nakukabidhi mtambo na vyote vilivyomo." Anayeingia naye anaweka chake: "Nimepokea na vyote vilivyomo." Mpaka hapo, aliyetangulia haruhusiwi kutoka. Chapchap aliiona ni mbwembwe za wazee, lakini aliifuata. Kwa kuwa sasa hakukuwa na wa kumkabidhi, zamu yake ilikuwa haijaisha tangu Ndevu alazwe.

Alasiri moja, miguu imevimba na macho yanawaka, aliweka kiganja kwenye paneli akakitazama kile chumba kitupu. "Haya bwana, yeyote uliyepo," alisema kwa mzaha, "nakukabidhi mtambo na vyote vilivyomo." Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

"Nimepokea," sauti ikajibu kutoka nyuma ya injini, kavu na yenye subira. "Na vyote vilivyomo."

Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Chapchap alitaka kukimbia, lakini usingizi ulimfika kabla ya woga, akaanguka palepale juu ya godoro lake la maboksi, akalala kama hajawahi kulala.

Alipoamka alijiambia ni ndoto. Ila sakafu ilikuwa imefagiwa, oili imeongezwa, na bomba la moshi lilikuwa la moto: umeme ulikuwa umekatika na kurudi, na mtambo ulikuwa umefanya kazi yake bila yeye. Siku zilizofuata mambo yakawa hayohayo. Alilala, kitu fulani kiliangalia. Nyuma ya injini alisikia nyayo zikienda na kurudi taratibu, na wakati mwingine mtu akishusha pumzi. Alijua. Tusimtetee, alijua kabisa. Lakini alikuwa anapata usingizi, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kisha ikaja mvua kubwa ya mchana, na umeme ukakatika.

Chapchap alisimama mbele ya paneli akingoja. Swichi ilikuwa kwenye otomatiki. Mtambo haukuwaka. Akangoja tena, kisha akageuza swichi kwenye mkono na kuzungusha ufunguo, na injini haikutoa hata kikohozi. Chini ya kiganja chake, polepole, kama kuna mkono mwingine juu ya wake, swichi ikajirudisha kwenye otomatiki.

Simu ikalia. Alikuwa mkewe. "Baba watoto, mashine inapiga kelele! Sista anasema betri inakwisha. Washa, nakuomba, washa!"

"Nawasha, mke wangu. Nawasha sasa hivi."

Akakata, akampigia Ndevu, akamweleza yote kwa kunong'ona, kama mtoto aliyevunja chungu.

Ndevu akasema taratibu, "Mdogo wangu, wewe huna zamu. Umeshakabidhi. Mtambo hautakusikia."

"Kaka, mwanangu anakufa huko juu!"

"Basi kiombe hicho kilichopokea kikukabidhi. Lakini sikiliza. Mimi na huyo tumeishi humo miaka, yeye upande wake, mimi wangu, kwa sababu alikuwa hajapokea kitu, kwa hiyo hakuwamo katika makabidhiano yetu. Ukisema yale maneno, unapokea vyote. Naye sasa yumo."

Chapchap aliiweka simu chini, akaweka kiganja kwenye paneli na kuomba arudishiwe zamu. Chumba kilikuwa na giza la mvua, na harufu ya nywele zilizoungua ikawa nzito mpaka akaionja kwenye meno, na zile nyayo zikaanza kuja, safari hii zikiizunguka injini, zikipita kwenye tangi, zikipita kwenye godoro lake la maboksi, zikaja kusimama karibu naye kiasi kwamba alihisi pumzi ya moto ikigusa ukosi wa shati lake, huku simu ikilia tena sakafuni na jina la mkewe likiwaka na kuzimika, likiwaka na kuzimika. Kwenye paneli, kando ya kiganja chake, vumbi lilibonyea kwa umbo la kiganja kingine, chenye vidole virefu mno.

"Nakukabidhi mtambo," sauti ilisema sikioni. "Na vyote vilivyomo."

Alikuwa analia, na hakuona aibu. "Nimepokea," alisema. "Na vyote vilivyomo."

Mtambo ukanguruma. Taa zikawaka, na ghorofani mashine ikaendelea kumpumulisha mtoto.

Ndevu alirudi kazini kidonda kilipopona. Akaweka kiganja kwenye paneli, akangoja. Chapchap alimtazama yule mzee aliyekonda, anayetembea ameshika tumbo.

"Nakukabidhi mtambo," alisema, akakomea hapo.

Ndevu alimwangalia, machozi yakimlengalenga. "Nimepokea mtambo," alijibu kwa sauti ya chini. "Mungu akulipe, mdogo wangu."

Mtoto aliruhusiwa kwenda nyumbani, akawa mlizi. Usiku mmoja mama yake alimbembeleza mpaka yeye mwenyewe akasinzia amekaa, ndipo Chapchap akampokea mtoto na kuanza kutembea naye sebuleni. Umeme ukakatika mtaa mzima. Nyumba yao haikuwa na jenereta wala hata taa ya betri. Akasimama gizani, akangoja kama alivyozoea, na baada ya kidogo taa ya sebuleni ikawaka, nyumba nyingine zote zikiwa bado gizani.

Mtoto akanyamaza ghafla. Alikuwa anatazama kitu nyuma ya bega la baba yake, na harufu ya nywele zilizoungua ikaenea.

"Umechoka," sauti ilisema kwa upole. "Nikabidhi."

Chapchap aliuma meno, akamkumbatia mwanawe. Macho yalikuwa yanafumba yenyewe, kwa sababu alikuwa amechoka kweli.