Kebo Nne za Gona

Kwa miaka tisa, kazi ya Gona wa Ganda ilikuwa kulitunza dishi. Lilikuwa dishi la chuma, pana kama mlango wa ghala, nalo lilisimama juu ya mnara katika kituo kidogo cha majaribio ya rada, ufuoni kaskazini mwa Malindi. Dishi lilirusha mawimbi ya redio baharini. Mawimbi yalipogonga chombo, yalirudi. Gona alitazama kioo, akaona nukta ya mwanga, akajua chombo kiko upande gani na umbali gani. Asubuhi alikunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, akapanda baiskeli kwenda kazini, na watu wa njiani walimwita Bwana Rada. Jina hilo alilipenda.

Mwaka 1986, mwezi wa Septemba, akaja Kasiva kutoka Nairobi.

Kasiva alikuwa mwanamke wa Machakos aliyesomea mitambo. Alileta fremu ya mbao yenye antena ndogo kumi na sita, zimepangwa mstari mmoja, zinatazama bahari. Hazikuzunguka. Lakini kioo chake kilionyesha boti tatu kwa pamoja, wakati dishi la Gona bado linazunguka kuitafuta ya pili. Mkubwa wa kituo, Bwana Thuku, sasa alisimama nyuma ya kiti cha Kasiva kutwa nzima. Nyuma ya kiti cha Gona hakusimama mtu.

Hata nyumbani hakukuwa na nafuu.

"Baba Kadii," mkewe Mbeyu alimwambia, "yule dada wa kazini kwenu amenitengenezea redio. Hata chai hakutaka."

"Ulimpa wewe?"

"Nilikutana naye sokoni. Wewe umeniahidi tangu Pasaka."

Gona aliisukuma sahani.

Jumamosi, wenzake walipokwenda kula, aliingia nyuma ya fremu. Kila antena ilikuwa na kebo yake, na kebo zote kumi na sita zilikuwa na urefu mmoja. Alichomoa nne za mwisho upande wa kulia, akachomeka nyingine nne za stoo, zilizozidi kwa shubiri moja. Urefu uliozidi aliukunja nyuma ya ubao. Alijiambia kwamba kebo ni kebo, kwani taa huwaka kwa waya mrefu na kwa waya mfupi. Alitaka picha ichafuke kidogo tu, Thuku akumbuke dishi.

Jumatatu picha ilikuwa imechafuka. Boti mbili zilionekana kama doa moja. Nguzo ya chuma iliyosimama mwambani ilionekana mahali ambapo haipo. Kasiva alipiga hesabu, akafuta, akapiga tena.

"Isipokaa sawa kufikia Ijumaa, mtambo utarudi Nairobi," Thuku alimwambia. "Na wewe pia."

Gona aliinama juu ya daftari lake ili uso wake usionekane.

Jumatano, Kasiva alimwita. Alikuwa na karai la maji na chanuo la mbao.

"Bwana Gona, wewe umekaa na rada miaka mingi. Nitazame, labda utaona ninapokosea."

Alilichovya chanuo majini, meno yote kwa pamoja. Viwimbi vikaenda mbele, vimenyooka.

"Kila jino ni antena. Zikituma pamoja, mawimbi yanakwenda mbele. Sasa tazama."

Alilichovya tena, limeinama kidogo. Meno ya kushoto yaligusa maji kwanza, ya kulia yakafuata. Viwimbi vikapinda kuelekea kulia.

"Mawimbi yanaelekea upande uliochelewa. Mimi nazichelewesha antena kwa makusudi, kila moja kidogo zaidi ya jirani yake wa kushoto. Rada inatazama kulia. Nikigeuza mpango, inatazama kushoto. Kabla hujapepesa jicho imeshatazama boti hii, na ile, na ile nyingine. Hakuna chuma cha kuzungusha. Ila zikichelewa bila mimi kujua, inatazama kulia na mimi nadhani inatazama mbele."

"Na nini kinaweza kuzichelewesha?" Gona aliuliza, ingawa alikwishajua.

"Kitu kidogo. Hata urefu wa kebo. Lakini kebo nilizipima mwenyewe."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alimtazama Kasiva, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi, akakumbuka redio ya Mbeyu. Akanyamaza.

Alhamisi adhuhuri mvua ilishuka, bahari ikafunikwa. Redio ya mawasiliano ikaita. Boti ya wageni kutoka Watamu ilikuwa imezimika injini na inachukuliwa na maji. Ilikuwa na wageni wanne na nahodha mmoja, Kahindi.

Kahindi alikuwa ndugu yake Mbeyu, tumbo moja.

Gona alikimbilia kioo cha dishi. Aliona nukta moja, dishi likazunguka, na liliporudi nukta ilikuwa imepotea ndani ya mvua. Kulikuwa na boti nyingine tatu zikikimbilia nyumbani, naye hakuweza kujua ipi ni ipi.

Kasiva naye aliona doa moja pana. Thuku alichukua kipaza sauti.

"Boti ya uokoaji, elekeeni kaskazini zaidi."

"Msiwapeleke huko," Gona alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. "Wako kusini. Nilibadilisha kebo nne. Za kulia, upande wa kusini. Ni ndefu."

Kasiva ndiye aliyeuliza, polepole, "Zile za kwanza ziko wapi?"

Gona alizitoa stoo, wakatoka nje kwenye mvua wawili. Gona alichomoa, Kasiva akachomeka. Waliporudi, doa lilikuwa limeachana, zikawa nukta nne safi. Tatu zilikuwa zikielekea ufukweni. Ya nne ilikuwa ikisogea na maji tu, mbali kusini. Baadaye nukta ya tano ikaingia, boti ya uokoaji, na Kasiva akaziangalia zote tano kwa pamoja, akiiambia geuka kushoto, nyoosha, punguza mwendo, mpaka nukta mbili zikagusana.

Jioni Kahindi alikuwa nchi kavu, anatetemeka, mzima. Wageni wake wote pia.

Gona mwenyewe alimweleza Mbeyu alichofanya. Mbeyu aliizima redio.

"Ungeniulia ndugu yangu," alisema, "kwa sababu mtu alinitengenezea redio."



Thuku alimwandikia barua ya onyo na kumwondoa kwenye kioo. Alitaka kumfukuza kabisa, lakini Kasiva alisema mtu aliyejua kebo inaweza kufanya nini ndiye atakayezipima kwa uangalifu. Basi Gona alipewa kazi ya kupima. Kila asubuhi alikagua kebo kumi na sita, moja moja, akaandika, na Kasiva akaangalia nguzo ya mwambani kama iko mahali pake. Tangu hapo picha haikupinda tena.

Mwezi wa Desemba walikuja maofisa kutoka Mombasa. Mmoja, aliyesikia habari za Bwana Rada, alimpa Gona mkono.

"Ni wewe uliyeiona ile boti?"

Kasiva alikuwa ng'ambo ya chumba, hakusikia. Gona alihisi ule wivu wa zamani ukimpanda kifuani, mzima kama siku ya kwanza.

"Si mimi," alisema. "Ni Kasiva, yule pale. Mimi ndiye niliyeharibu picha. Nenda ukamsalimu."