Mwanasesere Niliyembeba Mgongoni

Jioni ile ya Novemba 2015 nilikuwa namaliza zamu kwa Bibi Marjorie, mzee niliyekuwa namtunza kule mtaa wa Black Rock, nakunja nguo zake. Ndipo aliponiambia kwamba mwanasesere wake mkubwa, yule Mfaransa wa zaidi ya miaka mia, atampa Kanyana.

Kanyana! Mimi ndiye niliyemwingiza kazi hii. Mimi ndiye namwogesha huyu bibi mwaka wa pili sasa, nawafuta vumbi wanasesere wake arobaini, mmoja mmoja. Kanyana katoka Louisville juzi tu. Bon, basi, nikaendelea kukunja nguo, wivu umenijaa.

Bibi aliposinzia, nikamtoa yule mwanasesere kabatini. Uso wa kaure, macho ya kioo, nywele za mtu kabisa. Nikamfunga mgongoni kwa kitenge, kama tunavyobeba watoto wetu, juu nikavaa koti la baridi. Njiani nikampigapiga, nacheka peke yangu.

"Lala, mwanangu."

Hapo ndipo nilipokosea.

Nyumbani mama mkwe alinikabidhi Isaro, binti yangu wa miezi minane, akaenda zake. Nikamfungua mwanasesere; nilipotaka kumbeba Isaro, alipiga kelele, akajikunja, hataki kabisa kugusa mgongo wangu. Nikamlaza kitandani. Mwanasesere nikamficha juu ya kabati, nikaingia jikoni kupasha maharage.

Tak.

Kaure ikigonga mbao. Tak... tak... Ikaja harufu ya nguo zilizofungiwa miaka. Halafu Isaro akanyamaza ghafla.

Nilikimbia. Mwanasesere alikuwa kitandani, ubavuni mwa mtoto. Mkono wake ulikuwa ndani ya kinywa cha Isaro, mpaka kooni.

Nikauchomoa. Mtoto akakohoa, akalia. Yesu wangu! Nililia kuliko yeye.

Asubuhi nikamrudisha mwanasesere. Bibi Marjorie hakukasirika. Alinong'ona tu:

"Ulimwita mwanao?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hapendi mama yake awe na mtoto mwingine. Mwanangu wa kumzaa aliitwa Ruth." Akamlaza mwanasesere mapajani. "Ndiyo maana nilimchagua Kanyana. Kwake hakuna mtoto."

Wiki ileile Kanyana akamchukua mwanasesere, akawa anamwita bebe wangu, yaani mwanangu.

Juzi kanisani mchungaji alitangaza: Kanyana, baada ya miaka tisa ya ndoa, ana mimba. Watu waliimba, wakacheza. Akanikumbatia kwa furaha.

"Mapacha, Mama Isaro! Mapacha!"

Wawili kwa mpigo. Mimi nina mmoja tu, na daktari alishasema basi, sitazaa tena.

Nikamwambia hongera. Mengine sijamwambia.