Skrini ya Kasuku

Kishale kilivuka kutoka skrini ya kushoto kwenda ya kulia, na hakikurudi.

Breki alisukuma kipanya mpaka kikafika ukingoni mwa meza. Wapi. Akainama, akachomoa waya wa skrini ya kulia nyuma ya kompyuta, akaupuliza, akauchomeka tena kwenye kadi ya picha. Skrini ikawaka. Akaingia kwenye mipangilio, akachagua picha ienee kwenye skrini zote mbili badala ya kujirudia, kisha akabonyeza kitufe cha kuzitambua. Namba kubwa zikatokea. Skrini yake ya zamani ilipaswa kuwa ya kwanza, lakini ilikuwa na namba mbili. Alibadilisha mara nne, na mara zote nne namba zilirudi zilikokuwa.

"Umefika leo tu, unataka ukubwa," aliiambia skrini ngeni, akacheka peke yake.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na jua lilijaa chumbani. Siku za kazi alikuwa fundi wa friji. Mwisho wa juma alikuwa dereva wa mbio za magari za kwenye kompyuta, na wenzake walimbandika jina la Breki kwa sababu breki ndicho kitu ambacho hakuwahi kukigusa. Skrini ya pili ilikuwa ya mwenzake wa timu, Kasuku, mtu ambaye mdomo wake haukujua likizo: kila mmoja akiwa nyumbani kwake, spika masikioni, Kasuku alipiga soga tangu mbio zinaanza hadi zinaisha. Miezi miwili nyuma pumu ilimbana akiwa peke yake chumbani, akafariki. Jana yake mama wa Kasuku alikuwa amemwita Breki, akamkabidhi skrini hiyo ikiwa imeviringishwa ndani ya shuka.

"Chukua, mwanangu. Mlikuwa kama ndugu."

Breki aliipokea kwa mikono miwili, macho yake yakiwa sakafuni.

Sasa aliwasha mchezo. Barabara ikatandazika kutoka skrini hadi skrini, pana kuliko alivyowahi kuiona, akasahau namba. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, akasikia harufu ya mafuta ya kuchua kifua. Hakuna aliyeyatumia nyumba ile. Kisha kioo cha kulia kikafanya ukungu, duara dogo, kama mtu anapohemea dirishani. Akaufuta kwa kiganja. Haukufutika. Ulikuwa upande wa ndani.

Ndipo akasikia filimbi nyembamba spikani, ikivuta, ikikwama, ikivuta tena. Akavua spika, akaziweka mezani, na sauti ikabaki palepale chumbani.

"Nani anaumwa humu?" Mkewe alisimama mlangoni, viatu mkononi, ndio kwanza ametoka zamu. Alikuwa muuguzi.

"Hakuna mtu."

"Mume wangu, sauti hiyo naijua. Huyo ana pumu, na amezidiwa. Yuko wapi?"

Breki alichomoa waya wa picha, akachomoa na wa umeme, akabaki ameshika nyaya zote mbili zinaning'inia huku skrini ikiendelea kuwaka, na ukungu ukitanda kutoka lile duara dogo hadi kona zote za kioo, na ndani ya ukungu ikasikika sauti ambayo miezi miwili alikuwa akiikimbia hata usingizini, ikisema taratibu, kwa pumzi ya mtu anayepanda ngazi zisizoisha, "Breki, kaka, dawa yangu siioni, mpigie mama," na tena, "mpigie mama," na tena, mpaka ukasikika mlio mdogo wa kitufe, kisha kimya.

Mkewe alimtazama. "Kitufe gani hicho?"

Breki aliziachia nyaya. Alikuwa amepiga magoti, kifua kimefungwa kama kwa kamba. Sauti nyingine ikazungumza, nzito, isiyo ya mwanamume wala mwanamke.

"Mimi si yeye. Yeye amekwenda. Mimi ni jini. Nilikaa naye chumba kimoja miaka tisa, nikicheka vichekesho vyake, naye hakujua nipo. Nilimwona akianguka. Sikuwa na mkono wa kushika simu. Wewe ulikuwa nao."

Alasiri mkewe alimleta mganga, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Alikaa mbele ya skrini, akasikiliza kitambo, akainuka.

"Huyu hafukuziki kwa moshi wala dawa," alisema kwa sauti ya chini. "Nenda ukamwambie mama wa marehemu ulichofanya. Akikusamehe, jini atatoka na kifua chako kitafunguka. Asipokusamehe, msinirudishe hapa."

Walikwenda saa ileile. Mkewe alimshika mkono njia nzima, kwa maana kila hatua kumi alisimama kutafuta pumzi. Mama wa Kasuku aliwakaribisha, akawavutia viti. Breki hakukaa. Alieleza yote akiwa amesimama.

"Alikuita mara ngapi?" mama aliuliza.

"Mara tatu."

"Na wewe?"

"Nilizima sauti yake, mama. Nilidhani ni utani wake. Mara ya kwanza nilidhani ni utani."

"Na ya tatu?"

"Ulikuwa umebaki mzunguko mmoja."

Mama alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo.

"Ulishinda?"

"Nilishinda."

Mke wa Breki akaanza kulia. "Mama, tunakuomba," alisema. "Ukisema neno moja tu, kitu hicho kitatoka. Naye atapumua."

"Kitu hicho kilikuwa na mwanangu siku ile?"

"Kinasema kilikuwa naye."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, mama."

Mama akainuka, akawafungulia mlango, bila hasira usoni.

"Basi mkifika nyumbani, kiambieni namshukuru," alisema. "Na kiambieni kikae."