Kidole cha Anti Noreen

Asubuhi ile mtalii mmoja aliuliza pale kituo cha mafuta kama tuna maziwa ya lozi. Hapa ni Yarrapinny, jangwani Australia, rafiki yangu! Baa moja, moteli moja, mbwa wengi kuliko wapiga kura, na bado mtu anatafuta maziwa ya lozi. Wala hawaji kutuona sisi. Wanalala hapa kwa sababu hifadhini hakuna vitanda. Wanaamka, wanakwenda kupiga picha korongo jekundu, wanarudi kutuachia mashuka machafu.

Ilikuwa Julai, baridi ya makoti. Nilikuwa napakia mikate kwenye basi dogo la Brett Haddow, mwenye moteli. Nina shahada ya jiolojia, daraja la kwanza. Hifadhi walinijibu kwamba sina uzoefu. Uzoefu wa mawe! Bibi zangu wamezikwa chini ya mawe hayohayo.

"Msomi!" Haddow akaita. "Jibini umeweka, au hiyo hawakufundisha chuoni?"

"Nimeweka, bosi."

"Na tabasamu?"

"Limeisha stoo."

Sikupanda basi lile kwa ajili ya kibarua. Nilitaka kitu kimoja: Haddow akiri, kwa mdomo wake, kwamba aliona Anti Noreen amekwama.

Anti ni dada yake baba, ndiye aliyenilea. Alifua mashuka ya Haddow mpaka mashine ya kukamulia ikamla nusu ya kidole cha shahada. Alikuwa akicheka: "Mimi nimepoteza kidole, wewe kachukue shahada." Januari, joto la kuyeyusha kandambili, pikapu yake ilizima kwenye barabara ya hifadhi, akafungua boneti. Haddow akapita na basi limejaa watu. Anti akapunga mkono. Haddow akanyanyua kidole, akaenda zake.

Huku ndivyo tunavyosalimiana. Gari likikutana na gari, unanyanyua kidole kimoja bila kuachia usukani. Hatufikirii, ni kama kupepesa macho. Basi polisi walipomuuliza, Haddow akajibu: "Alinipungia, nikampungia." Wakaandika bahati mbaya. Anti alikutwa amekufa, amejikunja chini ya gari, kwenye kivuli chembamba kama mkanda.

Tuliondoka jua limeshapanda. Haddow alikuwa akiwachekesha watalii, wazee wanne wa Kiholanzi.

"Sheria ya huku ni moja! Ukipungiwa, punga. Usipopunga, utaambiwa umetoka Sydney!"

Wakajaribu vidole, wakacheka.

Lami iliisha. Vumbi jekundu likaanza. Mbele yetu ikaja pikapu ya bluu yenye mlango mmoja mweupe.

Pikapu ile ya Anti iliuzwa kama chuma chakavu mwezi Machi. Mimi ndiye niliyeshikilia kamba walipoifunga.

Ilikuja kwa kasi, lakini haikutimua vumbi. Juu ya usukani kidole kikanyanyuka. Kifupi. Nusu.

Na kidole cha Haddow kikanyanyuka pia, chenyewe, kwa mazoea. Pikapu ikapita bila mlio.

"Nani yule?" akauliza.

"Umemsalimia wewe, bosi."

Bibi mmoja wa Kiholanzi akainamia kiti changu. "Amemsalimia nani? Hakuna gari."

Haddow alisikia. Shingo yake ikawa nyeupe.

Pikapu ikaja tena. Kutoka mbele, kulekule. Haddow akabana usukani kwa mikono miwili. Akauma meno. Kidole kilinyanyuka tu. Nilikiona kikipigana naye, kikamshinda.

Mimi nilikalia mikono yangu, isije ikapunga.

Kisha tukafika pale alipokutwa Anti. Kila mtu wa Yarrapinny anapajua. Pikapu ilikuwa imesimama kando, boneti juu. Anti Noreen alisimama mbele yake na gauni lake la kufulia. Mkono juu. Alikuwa anapunga, polepole, kama mtu aliyechoka kupunga.

Haddow akakanyaga breki.

"Mwambie aache," akanong'ona.

"Aache nini?"

"Kunipungia."

"Siku ile uliona amekwama?"

Akashika kitasa cha mlango, akakiachia.

"Uliona, Brett?"

"Niliiona boneti." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Niliona yote. Tulikuwa tumechelewa, Tarni."

Hakuwa amewahi kuniita kwa jina langu.

Akachukua dumu la maji, akashuka. Mlango ukajifunga nyuma yake. Alitembea akiwa amelinyoosha dumu mbele, kama mtu anayepeleka zawadi. Anti akashusha mkono.

Basi likaondoka.

Nilikuwa kiti cha abiria. Mguu wangu haukugusa kitu. Usukani ulizunguka wenyewe, taratibu, kama unaendeshwa na mtu mzoefu. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona Haddow akikimbia. Akasimama. Akanyanyua mikono yote miwili.

"Anatupungia!" bibi wa Kiholanzi akacheka.

Wakageuka wote, wakapunga. Walifundishwa vizuri.

Basi lilizima lenyewe kwenye lango la hifadhi. Walinzi wa hifadhi walikwenda mbio mpaka pale. Walimkuta amejikunja pembeni ya barabara, midomo imepasuka, ngozi imebabuka kwa jua, siku ambayo mimi nilikuwa nimevaa sweta. Dumu lilikuwa limejaa, kifuniko hakijafunguliwa.

Polisi waliwahoji Waholanzi mmoja mmoja. Wote walisema lilelile. Nikaulizwa mimi.

"Alitupungia, tukampungia."

Wakaandika bahati mbaya.

Sasa basi naendesha mimi, mjane wa Haddow hakupata mwingine. Kila asubuhi naosha kioo cha mbele, na kila asubuhi, kwa ndani, upande wa dereva, nakuta alama ya mkono ya vumbi jekundu: vidole vinne vizima na nusu ya kimoja. Hiyo naiacha kwanza, naifuta mwisho.

Jana kulikuwa na mkono wa pili. Mkubwa, wa kiume, kwa nje. Umebandikwa kiganja wazi, kama wa mtu anayeomba asimamishiwe.

Nikaunyanyulia kidole, nikaondoa gari.