Chumvi kwenye Matuta ya Vitunguu

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alisimamia zamu ya maji ya familia yao. Jina hilo alibandikwa na baba yake, maana mdomo wake haukujua likizo. Aliinua kibao cha mfereji, maji yakaingia shambani taratibu, na yakifika tuta la mwisho alipaswa kukishusha.

Mji wao ulikuwa bado mchanga: nyumba chache za udongo, mfereji mmoja kutoka mto wa mbali, na jangwa pande zote. Wazazi wake waliuza nyumba na mifugo ndipo wakahamia hapo. Kurudi hakukuwepo.

Chiriku alijiambia kwamba katika ukame ule maji hayawezi kuzidi. Basi akawa anakiacha kibao wazi na kukimbilia kuruka kamba na wenzake.

"Umefunga, mwanangu?" mama aliuliza kila mara.

"Nimefunga, mama."

Siku zikapita, vitunguu vikaanza kuungua ncha. Matuta yakaota utando mweupe kama unga uliomwagika. Baba akagusa kwa kidole, akaonja, akatema.

"Chumvi. Ardhi hii imetukataa. Tufunge virago."

"Twende wapi, mume wangu?" mama akasema polepole. "Huko nyuma hatuna hata mlango wa kubisha hodi."

Jirani yao, mfyatua matofali, alisikia. "Kama kwenu kumeharibika, kwetu kutapona? Mkiondoka nyinyi, na sisi tuko nyuma yenu." Kisha akamgeukia mtoto. "Na wewe Chiriku, leo umemeza kufuli?"

Chiriku akainama kung'oa magugu. Nje alizungukwa na mchanga, ndani alizungukwa na uongo wake.

Kabla ya kuondoka, mama alimwita msimamizi wa mfereji, mwanamke mpole mwenye buti za mpira. Alichimba kidogo, akafinya udongo. Maji yakamchuruzika vidoleni.

"Mnamwagilia kupita kiasi," alisema.

"Hapana, dada," baba akajibu. "Binti yangu hufunga kila siku. Huyu ananiambia ukweli."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko fimbo. Akatazama miguu yake. "Baba, sikuwa nafunga. Nilikuwa nakwenda kucheza."

Baba aliketi juu ya tuta kama mtu aliyetuliwa mzigo na kubebeshwa mwingine.

"Basi ardhi haina kosa," msimamizi akasema. "Chumvi ilikuwa imejilalia chini. Maji yakizidi huipandisha juu, kisha jua huyanywa na kuiacha hapo. Chimbeni mtaro wa kutoa maji upande wa chini, muioshe ardhi chumvi itoke, mpande upya."

Chiriku alichimba pamoja na baba yake hadi viganja vikatoka malengelenge. Mfyatua matofali naye akaleta jembe lake. "Mizigo nimeifungua," alisema. "Mke wangu ananuna, alikuwa ameshakunja hata pazia."

Vitunguu vya pili vilipochipua kijani kibichi, baba alimwita Chiriku ukingoni mwa mtaro.

"Ulikosea kuacha maji, na kosa hilo tumelichimbia njia ya kutokea," alisema. "Lakini uliponificha ukweli, mwanangu, nililaumu ardhi isiyo na hatia, nikataka kuwatoa nyote hapa. Kosa lisemwe mapema, lingali dogo. Usiposema, mimi baba yako nitachimba wapi?"