Nashipae Ana Homa

Manyunyu ndiyo yaliyomwingiza Aikande dukani kwa Kishor, kompyuta za mitumba zimejaa hadi mlangoni na wateja wanapigana vikumbo. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, gauni la njano, viatu mkononi. Kijana mrefu alimzibia njia, amekumbatia mashine mbili.

"Kaka, zote hizo za nini?"

"Natengeneza ubongo."

"Pole. Wako umeupoteza wapi?"

Kijana akacheka, na Aikande akatamani kukisikia tena kicheko kile. Aliitwa Ndesanjo, mhitimu wa hesabu. Chumbani kwake Ngarenaro alikuwa ameunganisha kompyuta kuukuu kwa nyaya zipige hesabu pamoja kama mashine moja kubwa, ziige jinsi chembe za ubongo zinavyoamshana mtu anapokumbuka sura.

"Nikiona pindo la gauni la njano tu," alimwambia Jumapili moja migombani Akheri, ukungu wa Meru ukiwashukia mabegani, "ubongo unaniletea mtu mzima. Nataka kujua unafanyaje."

"Kwa hiyo mimi unanijua pindo tu?"

"Na pindo lenyewe linaninyima usingizi, mpenzi."

Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zimeenea. Aikande alibipu, Ndesanjo akapiga, wakaongea hadi salio likakata. Mkuu wa shule moja ya Songea alipomtaka ahamie huko, Aikande aliomba muda wa kufikiri. Angeondokaje?

Ndipo siku moja, wakinywa chai mjini, Solomoni aliyekaa chumba kimoja na Ndesanjo akapiga simu. Ndesanjo akageukia ukutani.

"Nashipae ana homa tena? Mfungulie dirisha, mpepee. Usimguse, nakuja kukaa naye mwenyewe."

Akaondoka mbio. Na mwalimu mzima, anayeuliza watoto maswali mchana kutwa, hakuuliza hata moja juu ya mwanamke huyo. Alilia, akazima simu. Songea ingemfaa.

Lakini sweta ambalo Ndesanjo alimvika siku ile ya ukungu alikuwa hajalirudisha, na moyo ulitaka kumwona huyo Nashipae. Jumamosi akabisha hodi Ngarenaro.

Chumba kilikuwa na joto kama jikoni. Feni zilivuma juu ya rafu za kompyuta, na ubavuni mwa kubwa kuliko zote jina limeandikwa kwa chaki: NASHIPAE. Kwenye kioo cha kompyuta hiyo palikuwa na pindo la njano. Polepole pindo likawa gauni, gauni likaota mabega, likaja tabasamu. Aikande akajitazama.

"Nilishamwonyesha picha yako, leo nimempa pindo tu," Ndesanjo alisema kwa sauti iliyochoka. "Wewe amekukumbuka mwenyewe. Mbona umezima simu?"

"Nashipae ni mashine?"

"Ni jina la Kimaasai, mwenye furaha. Nilimpa siku niliyokutana na wewe."

"Mashine *inapata* moto, Ndesanjo! *Haina* homa! Nani kakutuma uitie kwenye ngeli ya watu?" Alicheka huku machozi yanamtoka.

"Nimekosa, mwalimu. Nifundishe."

"Hutaelewa leo wala kesho."

"Basi nifundishe maisha yote. Nikuoe, Aikande."

Aikande akawasha simu ili apate pa kutazama. Ikaita papo hapo: mkuu wa shule.

"Shikamoo, mkuu. Songea siendi." Akavaa lile sweta. "Hapana, mkuu, siumwi. Nimepata mwanafunzi mzito sana huku."