Kazi Nzuri, Endelea

"Hivi huyo mwalimu wako wa kwenye kompyuta ana uso?"

Mama Inosenti, jirani, alimuuliza Laurencia swali hilo siku moja wakianika nguo uani, pale Karatu mjini. Laurencia alicheka mpaka akaangusha shuka kwenye vumbi. Alikuwa akisomea uchoraji wa nembo kwenye chuo cha mtandaoni, na uso huo kweli hakuwahi kuuona. Video zilirekodiwa zamani. Maswali hayakujibiwa. Kila kazi aliyotuma ilirudi na maneno yale yale: Kazi nzuri, endelea.

"Mama Inosenti, hata nikituma picha ya ndala yangu, ataniambia kazi nzuri."

Mapenzi yake na Lesiamon yalianzia mnadani. Moshi wa nyama choma, mbuzi wakilia, wachuuzi wakipayuka. Laurencia, katika gauni la kitenge cha njano, alisimama kando akichora chapa iliyokuwa kwenye paja la fahali mwekundu.

"Dada, unamchora ng'ombe wetu. Umemwomba ruhusa?"

Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu, shuka nyekundu juu ya shati jeupe lililopigwa pasi, fimbo mkononi, begi la kompyuta mgongoni.

"Nimemwomba. Kasema nimuulize mwenye shuka."

"Basi mwenye shuka anaomba namba ya simu."

Kwao Lesiamon ni Enguserosambu, kijiji cha wafugaji, ila alipanga chumba Karatu kwa kazi aliyoiita ya mtandaoni tu. Simu zikawa za asubuhi na jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula makande. Wewe?"

"Nimekula sauti yako."

"Utakonda, Lesi!"

Kikundi cha akina mama wa huko kwao, wauza asali, kilipotafuta mtu wa kuwachorea nembo ya mifuko, Lesiamon ndiye aliyemtaja Laurencia. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kweli. Akachora, akaituma pia chuoni kama kazi ya mwisho, akiwa na swali moja.

"Nimemwandikia: 'Mwalimu, alama hii nimeitoa kwa mnyama, inafaa kuwekwa kwenye mfuko wa asali?' Ona alivyojibu." Akamwonyesha Lesiamon simu. Kazi nzuri, endelea.

Lesiamon akayasoma, na namba ya kazi iliyoandikwa juu yake. Maneno yale yalikuwa yake; kazi yake ya mtandaoni ilikuwa kusahihisha kwenye chuo kile kile. Kazi za wanafunzi zilimjia kwa namba bila majina, nyingi mno, na wasimamizi walitaka zipite haraka. Alikuwa akizipitisha bila kuzifungua.

"Hebu niione hiyo nembo," alisema kwa sauti ndogo.

"Thubutu! Ni zawadi. Utaiona mifuko ikitoka kiwandani."

Alipofika chumbani kwake, Lesiamon alifungua kompyuta, akaitafuta namba ile, kidole kikasimama juu yake. Akiifungua, atakuwa amekiri kwamba hakuwahi kuifungua. Akafunika kompyuta. Jumapili kanisani, wenzake walipokwenda kukomunika, yeye alibaki kwenye benchi.

"Mbona hukupokea?" Laurencia alimuuliza wakitoka.

"Nilipitiwa, nikanywa chai kabla ya misa."

Na huo ukawa uongo wa pili, baada ya ule wa kunyamaza.

Mifuko ilipofika Enguserosambu, Yeyo Kakenya, yaani Mama Kakenya, mwenyekiti wa kikundi, aliushika mmoja, akaugeuza, akaurudisha kwenye furushi. Akampigia Laurencia.

"Mwanangu, umechora vizuri. Lakini hii ni chapa ya ng'ombe za ukoo fulani, na sisi humu tuna koo nyingi. Nikibeba asali kwenye mfuko huu nimesema ni mali yao. Akina mama wamekataa. Mtoto mdogo wa huku angekuambia."

"Niliuliza, Yeyo," Laurencia alisema huku analia. "Nilimuuliza mwalimu."

Alimkuta Lesiamon kwenye mgahawa karibu na stendi, akautandaza mfuko mezani. Lesiamon akaitazama chapa ya baba yake, ile ya paja la fahali mwekundu.

"Niliiweka kwa ajili yako," Laurencia alisema. "Nilitaka ukiiona tu ujue ninakupenda. Huyo mtu angefungua mara moja, Lesi! Mara moja tu!"

"Laurencia."

"Nini?"

"Ni mimi. Huyo mwalimu ni mimi. Sikufungua. Na uliponionyesha yale maneno nilijua, nikanyamaza. Nisamehe, mama. Nilitaka kuja kwenu na wazee wangu mwezi huu."

Mhudumu alileta chai, hakuna aliyeigusa. Laurencia akafungua kompyuta yake na kuisogeza mbele ya Lesiamon.

"Sasa fungua. Nifundishe."

Akafundishwa. Lesiamon alimweleza mahali chapa inapokaa, kwa nini haihamishwi, alama zipi mama yeyote wa kule angeweza kubeba bila kugombana na mtu: kibuyu, mzinga, ua la mgunga. Alimwonyesha mstari uliolegea na rangi zinazogombana. Hakuruka kitu. Laurencia alifuta, akachora mzinga, akasahihishwa, akachora tena, mpaka nembo ikasimama.

Akamtumia Yeyo Kakenya. Jibu lilirudi chai ikiwa imeshapoa: Hii ni yetu.

Lesiamon akatabasamu kwa woga, akanyoosha mkono juu ya meza.

"Kumbe ulikuwa unaweza," Laurencia alisema.

Akaikunja kompyuta, akajifunga kitenge vizuri. Ule mfuko wenye chapa ya baba yake Lesiamon aliuacha pale pale mezani, akatoka peke yake.